Kadi Isiyo na Jina la Mwandishi

Kwa nini aliacha nafasi ile wazi, kisha akaweka saini chini yake? Nimejiuliza swali hili ofisini, ndani ya basi, na hata msibani, mahali ambapo ilinipasa kuwaza mengine, na mpaka leo sina jibu ninaloweza kulitetea mbele ya mtu. Mwanamke ambaye katika maisha yake yote ya kazi hakuacha mstari mtupu aliacha mmoja, na mmoja huo ulikuwa wangu.

Tulimwita Mkutubi. Ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka mingi katika chuo kimoja hapa Dodoma kabla ya kustaafu, na alipokuja kwetu aliendelea nayo, ingawa hatukuwa na kitabu hata kimoja. Ofisi yetu iko Area D, katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia: sebule ndiyo chumba cha waandishi wa programu, jiko limebaki jiko, na stoo imekuwa chumba cha seva. Tunatengeneza programu ya kutunza dawa katika zahanati, ili mganga ajue zipi zimebaki, zipi zinakaribia kuisha muda wake na zipi ziagizwe. Zahanati nyingi ziko mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha. Kwa hiyo kila toleo jipya tunalijenga hapa, maana yake tunakusanya vipande vyote vya programu na kuviunga kuwa kitu kimoja, kisha tunakituma kwa flashi ndani ya bahasha, kwa basi la Kongwa, la Kondoa, au la kokote kunakohusika.

Habari yote iko katika vipande hivyo. Mtu wa nje hudhani kwamba programu nzima tumeiandika sisi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa imeandikwa na watu tusiowajua, walio nchi ambazo hatutafika, waliotoa kazi zao ili yeyote azitumie, kila mmoja kwa masharti yake. Masharti hayo ndiyo leseni. Mmoja anataka jina lake libaki tu. Mwingine anataka kwamba ukiibadilisha kazi yake na kumpa mtu, umpe pia msimbo wako uliobadilishwa, yaani maandishi yenyewe ya programu, ili naye aweze kuufungua na kuurekebisha. Kazi ya Mkutubi ilikuwa kujua nani ametaka nini.

Mkurugenzi wetu, ambaye alisoma katika maktaba yake akiwa mwanafunzi, alimleta baada ya mteja mmoja kutuomba orodha ya vipande hivyo na sisi kushindwa kuitoa. "Huyu mama hajui kompyuta," alitutambulisha, "lakini hajawahi kupoteza kitu cha mtu."

Mkutubi alituangalia mmoja mmoja, akaitikia shikamoo zetu, akauliza, "Haya. Na nyinyi mmeazima nini, na kwa nani?"

Mkurugenzi akamvutia kiti.

Alikuwa na kisanduku cha mbao cha kadi, cha aina ile iliyokuwa katika maktaba zote kabla ya kompyuta. Mwezi wa nane, upepo wa Dodoma unapoingiza vumbi hata katika dirisha lililofungwa, alikifunika kwa kipande cha kitenge cha kijani. Kila kipande cha programu kilikuwa na kadi yake: jina la kipande, toleo, mwandishi, mahali kilipotoka, masharti yake kwa Kiswahili, na chini kabisa saini yake, iliyomaanisha kwamba kipande kimepita na kinaweza kuingia katika ujenzi. Alilolithibitisha aliliandika kwa wino. Asilolithibitisha aliliandika kwa penseli. Kwa nafasi tupu hakuwa na huruma. "Kama hujui, andika haijulikani," alisema. "Hilo nalo ni jibu. Ukiacha wazi, atakayekuja nyuma yako atadhani hukuuliza."

Tulimcheka, bila shaka. Neema, binti kutoka Mwanza aliyekuwa mwepesi kuliko sisi sote katika kuandika msimbo, alimwuliza siku ya kwanza, "Mama, si tukuwekee hizi kadi kwenye kompyuta? Hata kisanduku kikiungua zinabaki."

"Umeme ukikatika zangu ndizo zinazobaki, mwanangu," akajibu, na mchana wa siku hiyohiyo umeme ukakatika. Neema hakuongea tena habari hiyo, ingawa baadaye alizinakili kadi zote katika kompyuta kwa ridhaa ya mwenyewe, na kila kadi mpya aliinakili siku ilipoandikwa.

Kulikuwa na desturi yake ya Ijumaa. Saa nne asubuhi, chai ikiwa mezani na karanga za kukaanga katika sahani ya bati, kila aliyeingiza kipande kipya wiki hiyo alisoma leseni yake kwa sauti. Baada ya kila ibara Mkutubi aliinua mkono na kuuliza, "Anasema nini?" Ilikubidi useme kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo mtu wa zahanati angeyaelewa. Ukijibu kwa maneno ya kisheria, aliuliza tena.

"Anasema hatoi dhamana ya aina yoyote, iwe ya wazi au ya kudokezwa..."

"Anasema nini?"

"Anasema, nimekupa bure, kikikuharibikia usije kwangu."

"Ana haki. Endelea."

Mkurugenzi hakuupenda usomaji huo. Alipita sebuleni na kikombe chake akisema, "Naona ibada imeanza." Mkutubi alimsogezea sahani ya karanga, naye alichota kidogo na kuingia chumbani kwake.

Nikikumbuka sasa, naona kwamba alitufundisha sheria kwa kutulazimisha kuona kwamba nyuma ya kila leseni kuna mtu. Wakati fulani alizuia toleo zima kwa siku nne kwa sababu ya mwandiko wa herufi tuliotaka kuutumia kwenye skrini, ambao aliyeubuni aliuruhusu kwa matumizi ya nyumbani tu. Neema alikasirika mpaka machozi yakamlengalenga. "Mama, ni herufi! A, B, Che! Nani atajua?"

"Amesema nyumbani. Zahanati ya Kongwa si nyumbani kwake, wala kwako."

Tukabadilisha herufi.

Mara nyingine nilimletea kipande kisichokuwa na leseni yoyote, nikamwambia kwa kujiamini kwamba hakina masharti, kwa hiyo ni cha wote. Hilo ni kosa ambalo watu wa kazi yetu hulifanya kila siku. Alivua miwani. "Baba, ukikuta baiskeli nje ya duka haina jina, unaipanda?" Halafu akaketi na kumwandikia mwandishi barua, kwa Kiingereza cha shule za zamani, chenye salamu ndefu na mwandiko uliolala, akanipa niichape na kuituma. Tulisubiri wiki tatu. Jibu lilipokuja, yule mtu aliomba radhi kwa kusahau, alikuwa ameshaweka leseni, na aliuliza kama kweli kuna mji unaoitwa Dodoma. Mkutubi alilibandika jibu hilo ukutani juu ya birika la chai, na kwa siku kadhaa kila mgeni aliyeingia ofisini alionyeshwa.

Hata hivyo nisimfanye malaika. Aliyetunza vitu vya watu wa mbali kwa uangalifu kiasi hicho, vyake mwenyewe alivigawa ovyo. Miavuli, mabakuli na vitenge vilitoka kwake bila kadi na havikurudi, naye hakuviulizia. Aliogopa kuwasha kompyuta. Kwa miaka yote hakugusa kitufe, aliagiza. Na alituambia mwenyewe, siku moja ya Ijumaa, akicheka hadi akafuta macho, kwamba nyumbani kwake kuna kitabu cha maktaba ya shule moja ya Kongwa, alichokiazima akiwa msichana na kuhama nacho. "Mkutubi mzima!" Neema akapiga kelele. "Tukushtaki wapi?" Akajibu, "Nishtakini kwangu. Najihukumu kila mwaka na kujiahirishia."

Sasa niseme langu.

Programu yetu ina sehemu ya kutafuta. Mganga akiandika "parasitamo" au "amoksilini" kwa haraka, sehemu hiyo inaelewa anataka dawa gani na kumwonyesha. Waganga wengi wametuambia kwamba hiyo ndiyo sababu wameipenda programu. Sikuibuni mimi. Niliikuta mahali ambapo watu huweka kazi zao huria, imeandikwa na mtu mmoja kwa ajili ya lugha nyingine, nami nilikaa nayo mwezi mzima nikiibadilisha ielewe namna sisi tunavyoandika majina ya dawa. Juu ya faili palikuwa na mistari michache: jina lake, leseni yake, ambayo ni ile inayotaka mabadiliko yatolewe pia, na sentensi moja aliyoiongeza yeye: ikikufaa, niandikie uniambie inatumika wapi.

Mkurugenzi alikuwa ameshasema wazi kwamba hataki kipande chochote kitakachotulazimisha kutoa msimbo wetu. Angejua, angenikatalia, na mwezi wangu wote ungekwenda bure. Flashi zilitakiwa kuondoka Jumatatu. Nikaifuta mistari ile. Nilijiambia kwamba naifuta kwa sababu chombo chetu cha kukagua mpangilio wa faili kilikuwa kinailalamikia, na ni kweli kilikuwa kinailalamikia. Nikaipa sehemu hiyo jina jipya, nikaipeleka kwa Mkutubi, nikasema, "Hii ni yetu, mama. Nimeandika mwenyewe."

Aliniangalia kidogo. Akaandika kadi. Jina la kipande, kwa wino. Toleo, kwa wino. Mahali kilipotoka: hapa ofisini, kwa penseli. Saini chini. Sikuiangalia kadi vizuri. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyevuka ukaguzi.

Nakala ya asili ya faili lile sikuitupa. Niliihifadhi katika folda isiyo na maana, yenye jina la tarehe. Sijui kwa nini niliihifadhi, na nisingependa mtu anisifu kwa hilo.

Mkutubi alituaga miaka michache baadaye, miguu ilipoanza kumsumbua, akaenda kuishi na mdogo wake kijijini Kolo, upande wa Kondoa. Siku ya kuondoka alinikabidhi kisanduku mbele ya wote. Sikujua kwamba nakabidhiwa pia kadi yangu.

Ikaja nafasi kubwa ambayo ofisi yetu haikuwahi kuiota: taasisi inayosimamia zahanati katika mikoa kadhaa ilitaka programu yetu kwa zote. Ilikuwa na sharti moja, orodha kamili ya vipande na leseni zake, iliyotiwa saini na msimamizi wa ujenzi, ifike Jumatatu. Msimamizi wa ujenzi ni mimi. Alhamisi, mimi na Neema tukapitia kisanduku kadi baada ya kadi, tukilinganisha na alichonakili katika kompyuta, na karibu na mwisho akashika moja.

"Kaka, hii haina mwandishi."

"Andika sisi."

"Nimeandika sisi kwenye kompyuta, tangu zamani, kwa sababu wewe ulisema. Lakini yeye hakuandika. Angalia. Hakuna hata penseli." Akaigeuza kadi kwenye mwanga. "Na ametia saini. Mkutubi atie saini juu ya nafasi tupu?"

Nilimwambia kwamba alisahau. Neema, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na hadanganyiki kirahisi, alinirudishia kadi.

Nikaelewa kwamba nina mambo mawili ya kuchagua. Naweza kutia saini kwamba sehemu ya kutafuta ni yetu, na uongo uliokuwa wangu peke yangu uwe wa ofisi nzima na kuingia katika mkataba. Au naweza kusema ukweli: kwamba kwa miaka tumegawa kazi ya mtu bila jina lake na kinyume cha masharti yake, kwamba msimbo wa sehemu hiyo lazima utolewe kwa wote tuliowapa programu, na kwamba aliyefanya hivyo ni mimi. Mkurugenzi angeweza kunifukuza. Taasisi ingeweza kutuacha. Watu tisa wanakula kwa ofisi ile.

Jumapili nikapanda basi la asubuhi kwenda Kolo, na kadi ikiwa ndani ya Biblia yangu ili isikunjike.

Nilimkuta barazani kwa mdogo wake, amezungukwa na makopo. Alikuwa anapanga mbegu za msimu. Kila kopo lilikuwa na karatasi iliyobandikwa, mwandiko uleule: mtama mwekundu, umetoka kwa Mama Saidi; uwele, umetoka kwa jirani wa kisimani, anataka arudishiwe kiasi hichohicho baada ya mavuno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umenenepa. Umepita kuona michoro ya watu wa kale mapangoni?"

"Bado, mama. Wewe umeshaiona?"

"Nilipanda mara moja, kabla ya miguu. Nikashuka na kichwa kinaniuma. Kazi nzuri kiasi kile, na hakuna hata jina moja." Akafunika kopo. "Wale hatuna pa kuwaulizia. Keti, unywe uji."

Nilikunywa uji. Kisha nikatoa kadi na kumpa, na kabla hajavaa miwani nikasema yote, kwa mfululizo, nikiangalia makopo. Nilipomaliza, alikuwa bado anaisoma kadi, kana kwamba ilikuwa na mengi ya kusoma.

"Jina lenyewe ulilifuta kabisa?"

"Hapana, mama. Faili la asili ninalo."

"Basi lipo."

"Lipo." Nikakusanya ujasiri. "Mama, ulijua?"

"Nijue nini, baba? Mimi msimbo sijui kuusoma."

"Lakini nafasi uliiacha wazi. Ulitufundisha kwamba kama hatujui tuandike haijulikani."

Aliivua miwani na kuifuta kwa ncha ya khanga, polepole, kioo cha kwanza na cha pili. "Ilikuwa Ijumaa," alisema. "Na mimi Ijumaa nilikuwa nachoka kama watu wengine."

Nilimtazama usoni nitafute tabasamu, au lawama, chochote cha kunisaidia. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti na uzi. Akaniambia ni kile kitabu cha Kongwa. Alikuwa amekifunga tangu juzi. Mpwa wake anakwenda huko na atakipeleka shuleni, pamoja na barua ya kuomba radhi.

Nikaona nafasi ya kufanya jambo jema lililo rahisi. "Nipe mimi, mama. Nitakipeleka mwenyewe wiki hii."

"Hili ni langu," akasema, akakiweka kifurushi upande wake wa mkeka. "Wewe shika lako." Akanirudishia kadi. "Na usije ukaandika kwa penseli."

Njiani kurudi sikufikiri mengi. Niliangalia mashamba yaliyolimwa yakisubiri mvua, na nilipofika Dodoma jua likiwa bado juu, nilikuwa najua nitakachofanya. Nilichokuwa sijui ni kama alinisubiri kwa miaka yote ile, au alikuwa amechoka tu.

Asubuhi yake niliingia ofisini kabla ya wengine. Nilirudisha mistari yote juu ya faili, jina la mwandishi, leseni yake na ile sentensi yake. Niliweka leseni nzima katika folda ya ujenzi, na pembeni yake msimbo wote wa sehemu ya kutafuta pamoja na mabadiliko yangu, ili uende na kila flashi kuanzia siku hiyo. Kwa zahanati zilizokwisha kupokea niliandika maelezo ya ukurasa mmoja. Nikamwandikia mwandishi huyo, nikamweleza nilichofanya na kuomba radhi, kisha nikamjibu alichouliza: inatumika Kongwa, inatumika Kondoa, inatumika katika zahanati moja ambayo mganga wake huandika majina ya dawa kwa kidole kimoja na bado anazipata. Nikaituma. Nikachukua kalamu ya wino na kuijaza kadi.

Neema alipoingia alikuta ujenzi unaendelea. Alisoma kadi, akasoma orodha, akasema, "Nitachemsha chai," ingawa haikuwa Ijumaa.

Mkurugenzi alifika saa mbili. Nilisimama mbele ya meza yake nikamweleza bila kuzunguka, kisha nikaweka orodha na kadi mbele yake. Hakufoka. Aliisoma kadi ile, kidole chake kikiwa kwenye jina ambalo wino wake ulikuwa bado mpya.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye aliyetupa sehemu ya kutafuta. Tumekuwa naye tangu mwanzo."

"Taasisi wakikataa?"

"Watakataa wakijua. Wakikubali, watakubali wakijua."

Akapumua. Akavuta kiti cha upande wa pili kwa mguu wake. "Keti," akasema. "Nisomee leseni yake."

Nikaketi, nikafungua karatasi, nikaanza kusoma. Baada ya ibara ya kwanza aliinua mkono.

"Anasema nini?"

Nikamwambia. "Anasema, mimi nimekupa. Ukimpa mwingine, mpe kama nilivyokupa wewe."

Akachukua kalamu yangu, akaitia saini orodha chini ya saini yangu.